Nani Amekataa? Kwa Wanaoogopa Roboti

Jumamosi iliyopita vijana walitoka kwenye kibanda cha video wakiwa na homa. Walikuwa wameonyeshwa ile sinema ya zamani, Terminator, ya mwaka 1984, imetiwa maneno ya Kiswahili na DJ mwenye kelele kuliko bunduki za sinema yenyewe. Wakaja kukaa pale kwa mwenye duka la kuchaji simu, na mjadala ukawaka: hizi mashine zitaamka lini? Zikiamka zitatuua au zitatuweka watumwa? Kijana mmoja wa Uvira, ambaye kesi yake ya kwenda Marekani imekwama miaka na miaka, akasema kwa uchungu wa kweli, "Sasa miye nikifika kule, si nitakuta maroboti ndio banaongoza?" Tulicheka mpaka mwenye duka akatoka kuona kuna nini.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa akasema si jambo la kucheka. Kitabu cha Ufunuo kilishataja alama ya mnyama, na sisi sote hapa vidole vyetu vimeshachukuliwa na mashine, macho pia. Hapo kicheko kikapungua. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Nimebeba jioni ile wiki nzima, na leo naandika kuwapinga wote waliokuwepo. Vijana nawapinga, na mzee pia (kwa heshima zote, Papa, unajua nakupenda). Na nawapinga vilevile wale ndugu wa mashirika wanaotuletea semina za teknolojia na kutuambia tusiwe na wasiwasi wowote. Mashine yenye roho haipo. Tuliyonayo haina roho, na hiyo ndiyo ninayoiogopa. Naiogopa kwa sababu nilishaifanyia kazi.

Kwanza niwatoe vijana hofu yao. Wengi wetu tunayo ile programu ya kuzungumza kwenye simu. Hapa Kenya wanaiita akili bandia, na ndugu zetu walioko Nyarugusu wanasikia ikiitwa akili mnemba. Mimi napenda neno bandia, maana linanikumbusha noti bandia: inafanana sana na noti, mpaka ufike nayo dukani. Siku moja niliiomba methali ya Kibembe kuhusu mgeni. Ikanipa pale pale, na maelezo juu yake: maana yake nini, wazee huitumia wakati gani. Nikafurahi, nikamsomea mama yangu mdogo, mzaliwa wa Fizi, aliyetoka kule akiwa mtu mzima. Akanisikiliza mara mbili, akauliza, "Hiyo ni luga gani?"

Maneno yalikuwa na sura ya Kibembe, lakini hakuna Mbembe aliyewahi kuyasema. Na siwezi kusema kwamba mashine ilinidanganya, maana mwongo anaujua ukweli na anauficha. Hii haikuwa na kitu cha kuficha. Imelishwa maandishi mengi kupita kiasi, Kiingereza kwa wingi, Kiswahili kidogo, Kibembe karibu na hakuna, halafu ikafundishwa kazi moja kubwa: baada ya maneno haya, ni neno gani hufuata? Ukimwambia mtoto wa darasa la pili "haraka haraka", atamalizia "haina baraka" kabla hata ya kufikiri. Fikiria mtoto huyo amesoma vitabu vya dunia nzima na hachoki. Kwa hiyo ikikuandikia "pole sana, naelewa maumivu yako", imetoa neno linalofuata neno. Wataalamu wenyewe bado hawajakubaliana fahamu ni nini hasa, lakini hakuna aliyetuonyesha ushahidi kwamba ndani ya programu hizi kuna mtu.

Tena kudanganyika kwa namna hii ni kwa zamani. Mwaka 1966 mwalimu mmoja wa chuo cha MIT, Marekani, aitwaye Joseph Weizenbaum, alitoa programu aliyoipa jina ELIZA. Ilikuwa kitu chepesi mno. Ukiandika jambo juu ya mama yako, inakurudishia: nieleze zaidi kuhusu familia yako. Inageuza maneno yako mwenyewe na kukuuliza kama vile daktari wa mawazo anavyouliza. Katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza miezi mingi na alijua vizuri ni programu tu, alianza kuzungumza nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba mwalimu atoke chumbani ili waachwe peke yao.

Weizenbaum alishtuka. Na huyu alikuwa mwenzetu: mtoto wa Kiyahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1923, ambaye familia yake iliikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1936. Mtu aliyeona serikali ikiwapanga watu kwa makaratasi na mihuri. Kilichomtisha hakikuwa kwamba ELIZA itaamka. Kilimtisha kwamba watu wako tayari kuikabidhi mambo ambayo yanataka moyo wa mtu. Mwaka 1976 akatoa kitabu kizima juu ya hilo. Hoja yake, kwa kifupi changu, ni kwamba kuna kazi ambazo hata kama kompyuta ingeziweza haifai kupewa, kazi ya hakimu ikiwamo.

Miaka mingi baadaye, Juni 2022, mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya LaMDA aliyokuwa akiipima ina hisia. Kampuni ikakana, na mwezi uliofuata ikamfukuza kazi. Dunia nzima ikaandika juu yake. Mimi sina kicheko kwa Lemoine, ameangukia palepale alipoanguka yule katibu, nami siku nyingine upweke ukinizidi usiku naweza kuangukia hapo. Ninachouliza ni kwa nini swali la kama mashine inaumia lilipata nafasi kubwa hivyo magazetini, na swali la mtu anayeumizwa nayo linapata nafasi hii hapa, kurasa chache za jarida letu la kambi.

Sasa niseme langu.

Kuna mwaka nilikuwa insentivu kwenye kituo kimoja cha kugawa chakula. Sitataja cha nani. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani, kupokea kadi, kumwonyesha mtu pa kuweka kidole, na kutafsiri kwa wasiojua Kiingereza wala Kiswahili cha hapa. Taa ikiwa kijani, unapita. Ikiwa nyekundu, unafuta kidole, unajaribu tena. Ikikataa mara tatu, tulifundishwa sentensi moja, na kila mtu hapa anaijua: "Sistimu imekataa."

Akaja mama mmoja. Nitamwita Mama tu. Alikuwa anafulia watu nguo kwa sabuni ile kali ya mche, na akipata kazi ya kukandika nyumba anakandika. Vidole vyake vilikuwa laini kama jiwe la mtoni, mistari imekwisha. Nyekundu. Akafuta kwa kanga. Nyekundu. Akapaka mate, akafuta. Nyekundu.

"Mama, sistimu imekataa. Rudi Jumatatu."

"Inakataa nini, mwanangu? Kadi si yangu? Picha si yangu?"

"Ni yako, Mama. Ni vidole."

Akatazama ile mashine, akanitazama mimi. "Huyo Sistimu ni nani? Ofisi yake iko wapi? Munipeleke, nimuombe mwenyewe."

Laini nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na ndiyo sababu naandika haya.

Alirudi Jumatatu, nyekundu. Alirudi na wiki iliyofuata. Wiki tatu yeye na watoto watatu walikula kwa majirani, na mnajua jirani wa kambini ana nini cha kugawa mwisho wa mwezi. Wiki ya nne akaja afisa mpya, dada mmoja kijana. Akamsikiliza, akavuta droo ya meza ile ile niliyokuwa nakalia, akatoa fomu. Kulikuwa na fomu ya watu ambao vidole havisomeki. Akaitazama kadi, akamtazama Mama usoni, akauliza majina ya watoto, akaandika, akatia sahihi yake. Chai haijachemka, mambo yamekwisha. Fomu zilikuwa na vumbi. Wiki zote zile magoti yangu yalikuwa yanazigusa.

Sasa mniambie: Mama aliogopa roboti yenye roho? Alikuwa anaitafuta! Alitaka kupelekwa mbele yake. Mwenye roho unamwomba, unamlilia, unamwonyesha mtoto, unamkumbusha mama yake. Hata askari wa kizuizi cha barabarani, mkatili vipi, siku nyingine anageuza uso na kusema piteni. Wangapi kati yetu tuko hai kwa sababu ya askari wa namna hiyo? Ile taa nyekundu haikuwa na uso wa kugeuza. Haikumchukia Mama. Haikujua kama yupo.

Na wenye roho tuliokuwepo, mimi, msimamizi wangu, mlinzi wa geti, sote tulijificha nyuma yake.

Nilipoacha kazi ile nilitafuta kujua mashine huamuaje, na niliyoyapata hayana uchawi wowote, Papa, wala mnyama. Inalinganisha picha ya kidole cha leo na ile iliyowekwa siku ya kuandikishwa, inatoa alama ya jinsi zinavyofanana. Halafu kuna kiwango. Alama ikiwa juu ya kiwango, kijani. Chini yake, nyekundu. Kiwango kikipandishwa, wadanganyifu wachache watapita, lakini watu wengi wa kweli watakataliwa. Kikishushwa, inageuka kinyume. Hakuna kiwango kisichoumiza mtu, na mashine haiwezi kuchagua nani aumie. Hilo huchaguliwa na mtu ofisini, pengine mbali sana na hapa, pengine mtu mwema. Kwa hiyo Mama alikuwa na haki kamili ya kuuliza ofisi iko wapi. Ofisi ipo.

Makosa yenyewe hayagawanywi sawa. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu tatu za kampuni kubwa zinazotazama sura na kusema huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wa ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7, yaani karibu mwanamke mmoja kwa kila watatu. Huyo Gebru amezaliwa Addis Ababa kwa wazazi wa Eritrea na ni mtu aliyepewa hifadhi ya kisiasa Marekani. Wa kwetu tena. Sishangai kwamba waliokaa upande huu wa kaunta ndio wanaoona kwa haraka.

Mtasema vidole vya Mama ni jambo dogo, kasoro ya kituo kimoja. Basi tazameni kaskazini mashariki ya Kenya, jambo linalojulikana wazi. Miaka ya ukame, maelfu ya raia wa Kenya, wengi wao Wasomali, waliandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula. Wengine walikuwa watoto, waliandikishwa na wazazi. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vilijibu kutoka kwenye orodha ya wakimbizi. Mkenya aliyezaliwa Kenya akaambiwa si Mkenya. Bila kitambulisho huajiriwi, husajili laini ya simu, husafiri kwa amani. Watu walikaa hivyo miaka mingi. Na hapa hata kosa la kusoma halikuwepo! Mashine ilisoma vidole sawasawa. Ilichoshindwa ni kitu ambacho chifu yeyote angekijua kwa kuuliza swali moja: ulikuwa na njaa?

Sitaki kuwa mnafiki, kwa hiyo niwape wafanyakazi wa mashirika haki yao. Kabla ya mashine, kadi ziliuzwa. Kulikuwa na majina ya watu waliokufa yanayokula unga kila mwezi, na wakubwa waliojua unakokwenda. Mashine haiombi chai. Na kuna jambo ambalo mtu asiyepitia tuliyopitia hawezi kulipima: mashine haikuniuliza kabila. Mimi nimepita vizuizi ambapo hilo ndilo swali la kwanza na jibu baya lilikuwa la mwisho. Siku ya kwanza niliyoweka kidole na taa ikawa kijani, bila mtu kunitazama pua, nilishusha pumzi. Kwa hiyo sisemi zivunjwe. Mtu anayetaka kuturudisha kwenye daftari la mwenyekiti wa bloku peke yake, sina safari naye.

Ila zinakuja nyingine. Yanasikika mazungumzo ya programu za kutafsiri mahojiano, kwa kuwa wakalimani ni wachache na ni ghali. Nakumbuka methali ile ya Kibembe. Hebu fikiria si methali, ni siku uliyoulizwa waliokuja nyumbani usiku ule walikuwa nani, na programu inajaza neno linalofuata, kwa ufasaha ule ule, na afisa anasoma Kiingereza safi kisicho na dalili ya kubuniwa. Miezi sita baadaye unaambiwa maelezo yako yanapingana. Yule mkalimani wa zamani alikuwa anakosea pia, lakini alikuwa anasimama na kusema, samahani, neno hilo sijalielewa.

Rafiki yangu mmoja msomaji sana ananiambia niache dharau, kwamba hata Geoffrey Hinton, mmoja wa waliojenga misingi ya mambo haya, aliondoka Google mwaka 2023 ili awe huru kuonya juu ya hatari za mbele. Najua, na simdharau. Lakini atakayekuja kesho hanizuii kumtazama aliyeko mlangoni leo. Na tukizungumza juu ya mateso ndani ya mashine, tuanze na Nairobi, ambako jarida la TIME liliandika Januari 2023 juu ya wafanyakazi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ubakaji, ili ChatGPT ifundishwe kuyachuja. Programu haikuota ndoto mbaya. Wao waliota.

Basi, ndugu mfanyakazi wa shirika unayesoma hapa. Sijui kama kiwango cha mashine kiko mikononi mwako, pengine hakiko. Sentensi iko mikononi mwako. Usituambie tena "sistimu imekataa". Sema "nimekataa", au sema "mkubwa wangu amekataa", na utuandikie jina kwenye karatasi, na tarehe. Utaona jinsi ulimi unavyokuwa mzito, na uzito huo ndio utakaokufanya uvute droo. Fomu ikae juu ya meza, mahali tunapoiona, kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa. Na mtu aliyekataliwa na taa ale kwanza mwezi huo, uchunguzi ufuate, maana tumbo halina foleni ya malalamiko. Nanyi ma-insentivu wenzangu, najua mnalipwa kidogo na mnaogopa kupoteza hicho kidogo. Mimi pia niliogopa. Hata hivyo ni sisi tunaojua vidole vya nani vimeisha na kwa nini.

Mama bado yuko bloku ile. Nilipomwendea kumwomba ruhusa ya kuandika habari yake, alikuwa anaanika nguo za watu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Na ile fomu, sasa iko juu ya meza?"

Nikamwambia sijui, sifanyi kazi pale tena.

"Basi enda uangalie," akasema, akaendelea kuanika.